Mzazi Bila Moto

Kuni za mzazi hazitafutwi siku ya kujifungua. Vestina alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi, huko Burundi, kabla ukoo haujavuka mpaka. Tangu maharage yavunwe alikuwa akizikusanya kidogo kidogo na kuzipanga nyuma ya nyumba yake, pale Murungu, wilayani Kibondo. Alichagua kuni za mti mgumu, zenye kaa zuri na moshi mdogo. Kila aliyepita njiani aliliona lile lundo akaelewa. Esteri, mke wa mwanawe Longinus, alikuwa mjamzito.

"Mama Longinus, mbona umejiandaa kama mtu wa kuchoma matofali?" jirani yake Maximilla alimtania.

"Acha nijiandae," Vestina alijibu. "Safari hii sitaki kusikia kwamba mtoto kapigwa na baridi."

Maximilla hakutania tena. Alijua maneno hayo yanamhusu nani.

Mtoto wa kwanza wa Esteri aliitwa Moses. Alizaliwa mwezi wa tisa, miaka miwili nyuma, na hakufikisha mwezi. Leo alikuwa akinyonya, kesho akalegea, keshokutwa akazikwa kando ya migomba. Watu walisema ni baridi. Baada ya msiba majirani waliacha kumwita Esteri "Mama Moses". Waliona wanamtonesha kidonda. Vestina peke yake ndiye aliyeendelea kumwita hivyo, kwa sauti ya chini. Hakutaka mtoto yule aonekane kama hakuwahi kuja.

Sasa mwezi wa tisa ulikuwa umefika tena. Esteri alijifungua salama katika zahanati, mtoto wa kike. Nesi wa zamu aliitwa Mwajabu, mwenyeji wa Muheza, Tanga, aliyehamishiwa Kibondo na serikali. Alimlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akamvika kofia.

"Mtoto mchanga anahitaji joto," alisema. "Asiachwe kwenye baridi."

Vestina aliitikia kwa kichwa. Kumbe hata nesi anajua, alijiambia.

Waliporudi nyumbani kila kitu kilikuwa tayari. Kitanda cha mzazi, ambacho wao hukiita ikiriri, kilikuwa katika chumba cha nyuma. Dirisha lilifungwa na kuzibwa kwa gunia. Moto wa kuni uliwaka ndani ya karai kuukuu, hatua chache kutoka kitandani. Mtoto alivikwa fulana, sweta la sufu, soksi na kofia. Akafungwa kanga. Juu ya kanga, blanketi. Kwa desturi mzazi hukaa humo na mwanawe mpaka kitovu kianguke na mtoto apewe jina. Siku zote hizo moto hauzimwi.

Desturi hiyo haikuwa ya kijinga. Vestina alizaliwa katika nyumba ya nyasi, mlimani hapo hapo Murungu. Alikumbuka ukungu uliokaa mpaka jua limepanda, na maji ya mtungi yaliyouma vidole. Katika nyumba kama ile, moto ulikuwa dawa.

Lakini nyumba ya sasa haikuwa ya nyasi. Longinus alikuwa fundi ujenzi katika mji mmoja wa jangwani, Uarabuni. Alituma fedha, mama yake akaezeka bati. Dari haikuwekwa. Mchana wa mwezi wa tisa bati lilialika kwa jua, ta, ta, ta, kama bisi kwenye chungu.

"Mama, joto limezidi," Esteri alisema siku moja. "Tufungue dirisha, hata kidogo."

"Mama Moses," Vestina alimjibu taratibu, "unajua tulichopoteza."

Esteri akanyamaza.

Kila asubuhi Vestina alimshika mtoto vidole vya mikono na miguu. Akivikuta vya baridi, aliongeza kipande cha nguo. Vidole vilikuwa vya baridi karibu kila siku.

Mchana mmoja aliingia na bakuli la uji akamkuta Esteri ameketi kitandani, jasho limelowesha gauni lote. Maximilla alikuwa hapo, amekuja kumjulia hali mzazi. Mtoto alikuwa mwekundu usoni. Vipele vidogo vilikuwa vimejaa shingoni. Kinywa kilikuwa wazi, lakini hakulia.

"Hataki ziwa, Mama," Esteri alisema. "Amelegea. Yuko kama Moses."

Bakuli lilimponyoka Vestina, uji ukamwagika.

"Hiyo ni baridi imeingia mifupani," Maximilla alisema. "Ongeza moto, haraka."

Vestina aliinama akachukua ukuni. Kabla hajautia motoni alimwona Esteri anashuka kitandani, anavaa kandambili.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati."

"Mzazi hatoki!" Maximilla alipiga kelele. "Kitovu hakijaanguka! Yemwe, watu watasema nini?"

"Waseme," Esteri alijibu. "Mara ya kwanza nilikaa. Leo sikai."

Hakuwahi kumjibu mkubwa namna hiyo. Vestina alisimama na ukuni wake mkononi. Alimtazama mkamwana wake, akamtazama mtoto. Akaulaza ukuni sakafuni.

"Mama Tharsisi," alimwambia Maximilla, "kimbia barabarani, ita bodaboda."

Katika zahanati nesi Mwajabu alimpokea mtoto, akaanza kumvua. Akavua blanketi. Akavua kanga. Akavua sweta.

"Haya, bado tunaendelea," alisema. "Huyu ni mtoto au gunia la viazi?"

Hakuna aliyecheka, naye akaacha. Alimwekea kipimajoto kwapani, akakisoma, akamwita daktari. Daktari alimpima mtoto mwili mzima, akachukua damu kuangalia kama kuna maambukizi. Mtoto alibaki na nepi na fulana nyepesi tu, katika chumba chenye madirisha mawili. Esteri alipewa maji ya kunywa, kikombe baada ya kikombe. Alikamua maziwa kidogo, wakamnywesha mtoto kwa kijiko. Jioni joto la mwili lilishuka. Mtoto aligeuza kichwa, akatafuta ziwa, akalishika.

Esteri alilia bila sauti. Vestina alitoka nje akakaa barazani.

Daktari alisema walale pale, mtoto aangaliwe. Asubuhi majibu ya damu hayakuonyesha maambukizi, na joto lilikuwa la kawaida. Mwajabu alikuja barazani kumpa Vestina habari hizo. Palikuwa na ubaridi wa asubuhi, naye alivaa sweta zito, mikono ameificha kwapani.

"Mwakeye, mama," alimwamkia kwa lugha ya kwao. "Mjukuu wako anaendelea vizuri."

"Mungu akubariki, mwanangu. Shida ilikuwa nini?"

"Joto. Mlimpa joto kupita kiasi. Mtoto mchanga hawezi kutoa jasho kama wewe, wala hawezi kujifunua. Akizidiwa, analegea."

Vestina alimtazama kutoka sweta mpaka viatu.

"Nesi, wewe mwenyewe umejikunja kama kuku aliyenyeshewa. Halafu unaniambia hapa kuna joto?"

Mwajabu akaangua kicheko.

"Hapo umenipata, mama. Mimi ni mtu wa Muheza, asubuhi za kwenu zinanitesa. Lakini subiri. Unawaona wale ng'ombe?"

Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wakipandishwa kilimani, ng'ambo ya barabara. Mmoja alikuwa amegeuka kurudi chini, anang'oa majani.

"Nawaona."

"Wanakwenda juu au chini?"

"Wanakwenda juu. Wewe huoni?"

"Mbona yule anashuka?"

"Huyo ana tamaa tu. Usimtazame huyo, tazama kundi."

"Ndivyo hivyo hivyo," Mwajabu alisema. "Asubuhi ya leo ni ng'ombe mmoja. Mwaka mmoja wa baridi ni ng'ombe mmoja. Watu wa hali ya hewa hawatazami mmoja. Wanapima joto kila siku, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Wakikusanya miaka thelathini au zaidi, ndipo wanaliona kundi. Na kundi linapanda, mama. Nchi yetu inaongezeka joto. Si kwa kuruka. Ni pole pole, ndiyo maana hatulioni."

Vestina alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kukubali.

"Hapa kwetu ni mlimani," alisema hatimaye. "Hayo ni mambo ya huko kwenu pwani."

"Basi nieleze wewe, uliyekaa hapa. Hakuna kitu kilichobadilika tangu usichana wako?"

Vestina alitaka kusema hakuna. Kisha akakumbuka mawese.

"Zamani mawese yalikuwa yanaganda," alisema polepole. "Hata mchana. Ilikuwa ukitaka kupika, kwanza unaweka chupa karibu na moto iyeyuke. Mama alikuwa ananigombeza kwa kusahau. Siku hizi..." Alisita. "Siku hizi mwezi wa tisa namimina tu. Tena usiku. Mimi nilidhani mawese ya sasa wanayachakachua."

"Pengine wengine wanachakachua," Mwajabu alisema, akitabasamu. "Lakini chupa yako iko chini ya bati. Mama yako chupa yake ilikuwa chini ya nyasi. Hayo ni mambo mawili yamekutana. Nchi imeongezeka joto, na nyumba nayo inavuta joto. Wewe ukaongeza la tatu, moto wa kuni. Na la nne, blanketi."

"Na hilo joto la nchi linatoka wapi?"

"Moshi wa viwanda, magari na mitambo ya dunia nzima. Misitu inayokatwa na kuchomwa nayo imo. Ile hewa chafu inakaa juu, haionekani, inazuia joto lisitoke. Dunia nayo imefunikwa blanketi, mama, kama huyu mtoto. Nayo haiwezi kujifunua."

Ng'ombe walikuwa wamefika juu. Vestina alikuwa na swali alilokaa nalo tangu jana. Akaliuliza huku ameinamisha macho.

"Na yule wa kwanza? Moses. Alizaliwa mwezi huu huu. Nilimfunika hivi hivi."

Mwajabu aliketi karibu naye.

"Sikuwepo, mama. Sikumwona. Watoto wachanga hufa kwa mambo mengi. Nikisema ni joto, nitakuwa nabahatisha. Nikisema si joto, nitakuwa nakufariji kwa uongo. Sijui."

"Hakuna anayejua?"

"Hakuna. Unachokijua ni kwamba ulimpenda. Na mimi nina kosa langu. Siku aliyozaliwa huyu nilisema mtoto apewe joto. Sikuwaambia kiasi. Njoo nikuonyeshe."

Waliingia ndani. Mwajabu alinawa mikono, naye Vestina akanawa. Nesi akamwelekeza kuweka vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto, chini ya kisogo.

"Usimpime mikononi wala miguuni. Vidole vya mtoto mchanga mara nyingi huwa vya baridi hata akiwa salama. Uliza shingo, au kifua. Ikiwa ya moto au ina jasho, mpunguzie nguo. Ikiwa ya baridi, mwongezee, au mama amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Ikiwa na joto kama la kwako, mwache."

"Na maji? Nimpe maji kwa joto hili?"

"Hapana, bibi. Maziwa ya mama tu. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maji anywe mama. Na akiwa na homa, akilegea au akikataa ziwa, usingoje hata saa moja. Mlete. Mimi na wewe kwa macho hatuwezi kujua kama ni joto au ni ugonjwa."

Walirudi Murungu siku hiyo hiyo. Vestina alilitoa karai nje. Aliling'oa gunia dirishani, akatundika chandarua juu ya kitanda, mbu wasimsumbue mtoto. Chumba kilipata hewa. Lakini mchana bati lilianza tena kualika.

Jioni Longinus alipiga simu. Alikuwa amesikia habari zote kwa mkewe.

"Mama," alisema. "Asante kwa kumpeleka."

"Mkeo ndiye aliyempeleka. Mimi nilikuwa nimeshika ukuni."

Longinus akacheka kidogo.

"Huku jangwani, mama, joto ni la kuua watu wazima. Kiangazi hawaturuhusu kufanya kazi ya nje adhuhuri. Juzi nilizungumza na mzee mmoja mwenyeji. Alisema zamani usiku ulipoa, walikuwa wanalala juu ya paa kwa raha. Sasa hata usiku ukuta ni wa moto. Na hao wamezaliwa jangwani! Lakini wao wanaliogopa joto, kwa hiyo wamejipanga. Wanapaka paa rangi nyeupe. Wanatafuta kivuli. Sisi tumefundishwa kuogopa baridi tu. Mimi mwenyewe, fundi, nimewajengea jiko."

"Nyumba ni nzuri, mwanangu."

"Ni nzuri, lakini haina dari. Msingoje nirudi. Chukueni mikeka ya matete, mfunge chini ya kenchi, zile mbao za paa. Acheni nafasi kati ya mikeka na bati, na matundu pale juu ukutani, hewa ipite. Juu ya bati pakeni chokaa nyeupe. Hayo yataanza kusaidia kesho. Na mti upandwe upande wa jua la jioni, usaidie miaka ijayo."

Mikeka ilisukwa na wanawake wa jirani, chokaa akapaka yule kijana wa bodaboda aliyewapeleka zahanati. Mchana uliofuata Vestina alisimama katikati ya chumba, akainua mkono juu. Joto la bati halikumshukia tena kama zamani. Chumba hakikuwa cha baridi. Kilikuwa cha kuvumilika.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko dari. Kilikuwa watu.

Wanawake walikuja kumpa mzazi zawadi, kama ilivyo desturi. Walileta unga, ndizi, na kila mmoja mzigo wa kuni kichwani. Walipoingia walikuta dirisha wazi na mtoto amevaa fulana na kitambaa chepesi. Walitazamana.

"Mzazi bila moto!" mmoja alisema. "Haya ni mageni."

"Vestina kawa mchoyo wa kuni," mwingine akadakia. "Lundo lote lile nyuma ya nyumba!"

"Labda anasubiri mkamwana afe kwa baridi, amwozeshe mwanawe upya," wa tatu akatania, nao wakacheka.

Esteri alimtazama mama mkwe wake. Vestina alihisi uso unamchoma. Alijua kwamba kwa neno moja angeweza kurudisha karai, na wote wangemsifu. Na pengine Esteri angenyamaza tena.

"Kaeni," alisema. "Mmoja aniambie. Mawese yako, Mama Careen, mwezi huu yanaganda?"

"Yagande wapi na jua hili?"

"Na bibi yako alikuwa anafanyaje?"

"Bibi alikuwa anaweka motoni kwanza... eh."

"Mama zetu walijua baridi yao," Vestina alisema. "Mimi nilimfunika mtoto huyu kwa baridi ya mama yangu. Baridi hiyo haipo tena mwezi huu. Nusura nimwue. Moses nilimzika, na sijui kwa nini alikufa, wala sitajua. Huyu najua. Kuni zenu nitazipokea, tutapikia ubugali na mle wote hapa. Lakini chumbani hauwashwi moto."

Maximilla, aliyekuwa mlangoni, alikohoa.

"Nilikuwepo," alisema. "Mimi ndiye niliyesema aongeze moto."

Kisha akaweka mzigo wake chini, jikoni, si chumbani.

Siku chache baadaye mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikaja na ubaridi. Esteri alimwona mama mkwe wake anaingia na blanketi, akashtuka.

"Mama?"

"Usiogope." Vestina alinawa, akaweka vidole shingoni kwa mtoto. "Leo anasikia baridi. Mlaze kifuani kwako, nami niwafunike wote wawili. Tulichoacha ni kufunika bila kuuliza."

Kitovu kilipoanguka, Esteri alitoka nje na mtoto, akapewa jina. Baba alitaka aitwe Winnie. Bibi yake akaongeza la kwao, Niyubahwe. Mtoto alinenepa. Vipele vilikauka bila dawa. Mwezi wa sita, baridi kali ilipokuja, alivaa sweta lake la sufu, na lilimfaa.

Mwezi wa tisa uliofuata ilikuwa zamu ya nyumba ya Maximilla. Mke wa mwanawe Tharsisi alijifungua mtoto wa kiume. Vestina alikwenda na kikapu cha unga. Kabla hajafika mlangoni alisikia Maximilla akibishana na shangazi mmoja mzee aliyetoka Kitahana.

"Shangazi, usitazame asubuhi moja! Tazama kundi! Dunia imeongezeka joto, hujui?"

"Na wewe hayo umeyajulia wapi?"

"Mimi nimeyajua siku nyingi," Maximilla alijibu bila haya.

Vestina alicheka peke yake, akabisha hodi. Chumba kilikuwa na dirisha wazi na mikeka juu. Mzazi alikuwa anakunywa maji. Vestina alinawa mikono, akaketi kitandani, akapokea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi, kama Moses alivyokuwa. Alipitisha vidole viwili chini ya kisogo chake, akavituliza hapo.

"Vipi?" Maximilla aliuliza, ameacha kubishana.

Vestina alitaka kuwa na hakika. Shingo ilikuwa na joto kama la kwake mwenyewe, basi, si zaidi.